Mtoto Mkimbizi na Lugha ya Jikoni: Maoni Juu ya Riwaya ya Stefanie Zweig

Methali yetu yasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huifasiri methali hii kuwa ni onyo kwa mgeni mvivu. Lakini tukiitazama kwa makini tutaona kwamba yamhusu mwenyeji pia. Ili mtu ampe mgeni jembe, sharti kwanza awe nalo, na sharti awe na shamba la kulimwa. Je, itakuwaje iwapo mwenyeji mwenyewe amenyang'anywa shamba, na jembe alilolishika ni mali ya mtu mwingine? Atampa mgeni wake nini?

Swali hili ndilo linalomjia msomaji wa Kiafrika anapoisoma riwaya ya Kijerumani iitwayo Nirgendwo in Afrika, iliyoandikwa na Stefanie Zweig na kuchapishwa mwaka 1995. Jina hilo laweza kufasiriwa kuwa "Si Popote Katika Afrika". Hata hivyo, hadithi yenyewe ina mahali pake hasa: Rongai, Nakuru, Ol' Joro Orok na Nairobi, kati ya mwaka 1938 na 1947. Inamhusu mtoto wa Kiyahudi aliyekimbizwa kwao, akakulia katika nchi yetu ya Kenya wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kiswahili kimo humo tangu mwanzo hadi mwisho, wala hakikuwekwa kama pambo. Ndicho kilichomwezesha mtoto huyo kuanza maisha mapya. Kwa sababu hiyo riwaya hii inatuhusu, na yatupasa tuwe na maoni yetu juu yake.

Mwandishi na Wakati Wake

Stefanie Zweig alizaliwa mwaka 1932 katika mji wa Leobschütz, jimbo la Silesia ya Juu, ambao wakati huo ulikuwa Ujerumani na leo umo katika nchi ya Poland. Baba yake alikuwa mwanasheria. Mwaka uliofuata Wanazi walishika serikali, na mnamo Aprili 1933 zikaanza kutungwa sheria za kuwafukuza Wayahudi katika utumishi wa serikali na katika uwakili. Sheria za Nuremberg za mwaka 1935 ziliwavua uraia. Mwezi Julai 1938 wajumbe wa nchi 32 walikutana Évian, Ufaransa, ili kujadili hali ya wakimbizi hao. Karibu wote walieleza huruma yao kwa maneno mazuri, kisha wakaacha milango yao imefungwa. Mwezi Novemba mwaka huo huo masinagogi yalichomwa moto kote Ujerumani.

Familia ya Zweig ilifika Kenya mwaka 1938 na kurejea Ujerumani mwaka 1947. Binti huyo akawa mwandishi wa magazeti mjini Frankfurt, na huko akafariki mwaka 2014. Riwaya tunayoizungumzia imejengwa juu ya maisha yake mwenyewe. Baba anaitwa Walter Redlich, mama ni Jettel, na mtoto ni Regina. Yatupasa kukumbuka jambo moja tangu sasa: macho yanayoitazama Kenya humu ni ya mtoto, lakini mkono ulioyaandika aliyoyaona ni wa mwanamke aliyezidi umri wa miaka sitini. Anayependa kitabu hiki bila kukipima husahau huo mkono. Anayekilaumu bila huruma husahau yale macho.

Hadithi kwa Ufupi

Riwaya inaanza kwa barua. Walter ametangulia, naye anaandika kutoka shambani Rongai akiwahimiza mkewe na mwanawe waondoke Ujerumani haraka. Yeye aliyezoea kusimama mbele ya mahakama sasa anachunga ng'ombe wa mlowezi, kazi asiyoijua hata kidogo. Akiwa mgonjwa wa malaria anauguzwa na mpishi wake, Owuor, ambaye ni Mjaluo. Jettel anapofika, badala ya kuleta sanduku la barafu la kuhifadhia chakula kama alivyoombwa, amenunua gauni la karamu. Kwa kitendo hicho kimoja tunaijua hali yake: mwili umefika Afrika, ilhali moyo ungali katika mji wa Breslau.

Vita vinapoanza mwezi Septemba 1939, serikali ya kikoloni ya Waingereza inawakamata wanaume wote Wajerumani kuwa raia wa nchi ya adui, na Walter akiwa miongoni mwao. Kwa Wanazi yeye si Mjerumani kwa kuwa ni Myahudi. Kwa Waingereza yeye ni Mjerumani tu. Baadaye familia inahamia shamba la Ol' Joro Orok, na Regina anapelekwa katika shule ya bweni ya Kiingereza huko Nakuru. Kutoka Ulaya habari zinazidi kupungua. Barua fupi iliyopitia Msalaba Mwekundu inawaarifu kwamba mama na dada yake Jettel wanapelekwa Poland kufanya kazi. Leo kila mwanafunzi wa historia ajua safari hiyo ilikuwa na maana gani. Walter anaingia katika jeshi la Waingereza, na vita vinapokwisha anaamua kurudi Ujerumani kuwa hakimu. Hivyo Regina, aliyepoteza nyumba ya kwanza akiwa na miaka mitano, anaipoteza ya pili akiwa bado hajatimiza miaka kumi na mitano.

Neno la Kwanza

Hebu tulitazame tukio la kufika kwa Regina, kwa kuwa riwaya nzima imesimama juu yake. Owuor anamtoa mtoto garini, anamrusha juu kidogo, anamdaka na kumkumbatia huku akicheka. Neno analomwita ni "toto". Baadaye atamwita pia "memsahib kidogo".

Mwalimu wa Kiswahili anayeyasoma maneno haya atataka kuchukua kalamu yake nyekundu. Mtoto ndiye asemwaye, wala si toto. Kadhalika, kidogo si sifa ya mtu wa ngeli ya kwanza. Ingefaa kusemwa mdogo. Hata neno lenyewe memsahib lilitoka Bara Hindi pamoja na watumishi wa dola ya Kiingereza. Lakini kalamu isitangulie fikra. Hiki ni Kisetla, yaani kile Kiswahili kilichopunguzwa ambacho walowezi walikitumia kwa watumishi wao mashambani na majikoni. Wakati huo huo, kamati iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya lugha ya Kiswahili katika Afrika ya Mashariki ilikuwa ikishughulikia Kiswahili sanifu cha vitabu na shule. Kwa hiyo palikuwa na lugha iliyokuwa ikisanifishwa ofisini, na nyingine iliyokuwa ikikatwa viungo shambani.

Kwa nini ilikatwa viungo? Sababu ni kwamba amri haihitaji ngeli. Asemaye "leta maji" au "ondoa hii" hana haja ya upatanisho wa kisarufi, kwa kuwa hangoji jibu. Kisetla kilikuwa lugha ya kuamrisha, na upungufu wake wa sarufi watuonyesha upungufu wa uhusiano baina ya waliokizungumza. Hili ni jambo la historia, nalo lafaa kufundishwa hivyo.

Hapo ndipo tunapoona kazi kubwa anayoifanya Owuor. Chombo alichopewa ni kibovu; kiliundwa ili yeye aamrishwe. Lakini anapomwita yule mtoto "toto" huku akimrusha juu, anakigeuza chombo hicho kikafanya kazi ambayo hakikuundwa kuifanya. Anakifanya kiwe lugha ya malezi. Kwa lugha hiyo atamtania Regina na kumfundisha namna ya kuishi mahali alipofika. Mtoto naye anaipokea kwa haraka, hata Kijerumani chake kinaanza kukwama, na mama yake anaona uchungu.

Yafaa tuongeze jambo ambalo wasomaji wa Ulaya huenda wasilitambue. Owuor ni Mjaluo. Kiswahili si lugha ya mama yake, kama vile kisivyokuwa lugha ya mama yake Regina. Hao wawili wanakutana katika uwanja ambao hakuna kati yao aliyezaliwa ndani yake. Na je, si hivyo ndivyo sisi wenyewe tulivyokutana? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na wengi wetu tulikipokea kutoka kwa jirani, sokoni, shuleni au kazini baada ya kuisha kunyonya lugha nyingine. Kwa maana hiyo, jiko la Rongai si mahali pa ajabu katika utamaduni wetu. Ni mfano mmoja, wa zamani na wa kimaskini, wa jambo ambalo taifa zima limelifanya.

Joho la Mwanasheria

Katika upande wa fani, kitu kilichotumiwa kwa ustadi kuliko vyote ni joho jeusi la uwakili. Walter amelibeba kutoka Ujerumani, ingawa halina kazi tena. Anampa Owuor, naye Owuor analivaa kwa fahari. Msomaji wa haraka atacheka: mpishi ndani ya joho la mahakama! Mwandishi naye ameacha nafasi ya kicheko hicho.

Lakini tuitafakari sura hiyo. Joho ni alama ya sheria. Sheria ndiyo iliyomfukuza Walter katika kazi yake, ikamvua uraia, ikamfanya mkimbizi. Sasa joho hilo limetua mabegani mwa mtu mwingine ambaye sheria haikumtendea haki naye pia. Katika Kenya ya miaka hiyo, mwanamume Mwafrika aliyetoka katika rizavu kwenda kutafuta kazi alilazimika kubeba kipande. Ardhi ya Nyanda za Juu ilitengwa kwa Wazungu, na mwaka 1939 utengaji huo ukatiwa nguvu zaidi kwa amri kutoka Uingereza. Wamaasai walikuwa wamehamishwa katika Bonde la Ufa na Laikipia kwa mikataba ya 1904 na 1911. Majina yenyewe, Rongai na Ol' Joro Orok, ni ya Kimaasai. Wenye majina waliondolewa, majina yakabaki yakishuhudia.

Hivyo joho hilo linawaunganisha watu wawili walionyimwa haki na sheria mbili tofauti. Hatusemi kwamba dhuluma hizo zilikuwa sawa kwa kipimo. Wayahudi wapatao milioni sita waliuawa na Wanazi na washirika wao, nao ni msiba usiofaa kutumiwa kama fimbo ya kupimia misiba mingine. Tunasema tu kwamba Walter alikimbia nchi iliyowagawa watu kwa damu, akafika katika nchi nyingine iliyowagawa kwa rangi, na safari hii akajikuta amewekwa juu ya mwenzake. Ni maskini, ni mfungwa wa vita, ni mwajiriwa anayeweza kufukuzwa. Hata hivyo anaitwa bwana. Owuor amemwuguza, amemfundisha, ameifuata familia hadi shamba jipya. Hata hivyo hana cheo kingine ila cha mtumishi.

Upungufu wa Riwaya

Mhakiki mwadilifu hawezi kusifu tu. Riwaya hii ina upungufu unaotokana na yale macho ya mtoto, na upungufu mwingine unaotokana na ule mkono wa mtu mzima.

Kwanza, Owuor amepewa hekima, ucheshi na uaminifu, lakini hakupewa nyumba. Tunajua kwamba ana kwao. Lakini hatuvuki naye kizingiti cha nyumba yake, hatuketi pamoja na jamaa zake, hatusikii kwa lugha yake mwenyewe anayoyawaza usiku baada ya kuosha vyombo vya bwana. Mtoto Regina hakuweza kuyajua hayo, na hatumlaumu. Mwandishi wa mwaka 1995 angeweza kuyauliza. Mwafrika mwaminifu anayeishi kwa ajili ya furaha ya Wazungu ni mhusika tuliyekwisha kumchoka katika vitabu vya wageni, na Zweig hakujiepusha naye kabisa.

Pili, neno Mungu katika riwaya hii hutajwa kana kwamba ni jina la mungu wa nchi ile, mungu wa watu weusi. Kwa msemaji wa Kiswahili jambo hili lashangaza. Mungu wa Mwislamu wa Lamu, wa Mkristo wa Kisumu na wa Myahudi wa Breslau anayetajwa kwa Kiswahili ni Mungu yule yule. Mwandishi alilipenda neno hata akaliacha bila kulitafsiri, na kwa kuliacha akaligeuza kuwa kitu cha kigeni. Hapa twajifunza kwamba kuazima neno la watu si sawa na kulielewa.

Tatu, kilio cha ardhi hakisikiki. Mandhari ni ya kupendeza, lakini ni ardhi iliyochukuliwa, na miaka mitano tu baada ya familia hiyo kuondoka, mnamo Oktoba 1952, serikali ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Moto wa namna hiyo haukuanza siku moja. Ulikuwa ukifukuta wakati Regina akicheza.

Hata hivyo upungufu huu hauondoi ukweli wa jambo lililo kiini cha kitabu. Mwishoni Owuor anashika njia yake kabla familia haijaondoka. Hangoji kuachwa; yeye mwenyewe ndiye anayeondoka. Katika kitendo hicho anafanya jambo la mtu huru, na kwa mara ya kwanza tunamwona akienda mahali ambapo bwana hamfuati.

Riwaya na Filamu

Riwaya hii ilifanywa filamu mwaka 2001 na mwongozaji Caroline Link, na mwaka 2003 filamu hiyo ikapata tuzo ya Oscar kwa filamu za lugha ya kigeni. Owuor aliigizwa na Mkenya, Sidede Onyulo, ambaye utulivu wake uliweza kurudisha sehemu ya heshima ambayo maandishi hayakuikamilisha. Filamu inamshughulikia zaidi Jettel na ndoa yake kuliko mtoto. Mwanzoni mama huyo anamsemesha Owuor kwa Kijerumani, kana kwamba ni wajibu wa mwenyeji kujifunza lugha ya mgeni. Mwishoni, treni inaposimama njiani, mwanamke Mwafrika anamtolea ndizi dirishani. Jettel anaeleza kwa Kiswahili kuwa hana pesa. Mwanamke anampa ndizi bila malipo.

Tukio hilo ni dogo, lakini ni jibu la swali tuliloanza nalo. Serikali iliyoitawala Kenya ilidai dhamana ya fedha kabla ya kumruhusu mkimbizi aingie, kisha ikamfunga vita vilipoanza. Hiyo ndiyo iliyokuwa na jembe na shamba. Ukaribisho ulitoka kwa wasiokuwa na shamba: mpishi aliyetoa maneno, na mchuuzi aliyetoa ndizi.

Hitimisho

Wajibu wetu ni nini basi? Wa kwanza ni wa uandishi. Zweig amesimulia upande wake, na hawezi kusimulia wa Owuor. Mwalimu anayeifundisha riwaya hii na awape wanafunzi wake kazi ya kuliandika upya tukio la kufika kwa Regina kwa macho ya mpishi: aliwaza nini alipolipokea gari, alimkumbuka mtoto gani wa kwao, na jioni ile alisema nini kwa Kijaluo. Kazi hiyo itawafundisha nafasi ya msimulizi kuliko maelezo mengi ya ubaoni.

Wajibu wa pili uko karibu zaidi. Kakuma imekuwa kambi ya wakimbizi nchini Kenya tangu mwaka 1992, na Nyarugusu nchini Tanzania tangu 1996. Wako watoto waliozaliwa humo wakakua humo. Wengine hufika madarasani kwetu na Kiswahili cha Kongo, ambacho mwalimu hukisikia kuwa kimepinda. Wengine hufika na Kiswahili walichokiokota foleni ya maji, chenye ngeli zilizochanganyika, kama kile cha "toto" na "memsahib kidogo". Darasa hucheka, na mwalimu huchukua kalamu nyekundu.

Makosa yasahihishwe, maana kusahihisha ndiyo kazi ya mwalimu. Lakini kabla ya kusahihisha na akumbuke kwamba sentensi ile mbovu huenda ndiyo nyumba pekee aliyo nayo mtoto huyo kwa sasa. Owuor hakuwa na Kiswahili sanifu, wala hakuwa na shamba, wala sheria haikuwa upande wake. Alikuwa na neno moja tu la kumkaribisha mgeni, akalitoa. Sisi leo tuna lugha ya taifa, tuna kamusi, tuna shule. Mtoto mgeni akisimama mlangoni mwa darasa, itakuwa aibu kwetu ikiwa mpishi wa Rongai alijua kukaribisha kuliko sisi.